N si ya ngoma

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na hadi inanifikia mimi ilikuwa imeshapita mikononi mwa nusu ya baraza. Mwenyewe, mzee mmoja wa Chake Chake aliyetoka hospitali baada ya wiki tano, alikaa kwa upande juu ya mto, maana kukaa sawasawa kulikuwa bado kunamshinda. Juu ya karatasi paliandikwa jina lake, tarehe ya kuingia na ya kutoka, halafu mwandiko wa daktari ambao daktari mwenyewe ndiye anayeujua, na pembeni mistari miwili iliyosomeka kuliko yote: N49.8, na chini yake E11. Kijana aliyemaliza skuli mwaka jana aliitazama ile N, akatazama huku na huku, akapunguza sauti: "N hii si ndiyo ngoma?"

Ngoma ya mtaani haipigwi, ni UKIMWI. Baraza zima likateremsha macho kwenye vikombe vya kahawa.

Sikumlaumu kijana. Namba hizi zamani zilikaa ndani ya mafaili, leo zinatembea mitaani. Ziko kwenye karatasi za kutolewa hospitali na kwenye fomu za bima, na tangu sheria ya 2023 ilipouleta Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar (ZHSF), mazungumzo ya nani kalipiwa nini yamekuwa ya kila nyumba. Watu wanaziona namba, hakuna anayewaeleza, basi kila mmoja huzifasiri kwa alichonacho. Na maradhi ya mzee huyu ni ya pahala pasipotajwa barazani.

Nianze na maradhi. Madaktari wanayaita gangrini ya Fournier. Gangrini ni nyama ya mwili kufa na mwenyewe angali hai. Wazee wetu wana jina lenye picha zaidi, donda ndugu. Fournier ni jina la mtu: Jean Alfred Fournier, daktari wa Paris wa maradhi ya ngozi na ya zinaa, ambaye mwaka 1883 alieleza habari za vijana watano waliokuwa wazima, mara sehemu zao za siri zikaanza kuoza bila ya sababu aliyoiona. Hakuwa wa kwanza. Mfaransa mwenzake, Baurienne, alikwisha kuyaandika mwaka 1764, lakini jina likamganda Fournier.

Leo inajulikana kwamba sababu karibu kila mara ipo, na mara nyingi ni kitu kidogo: jipu karibu na njia ya haja kubwa, njia ya mkojo iliyobana, mpira wa mkojo uliokaa muda mrefu, mkwaruzo wa wembe. Vijidudu vya aina kadhaa, vinavyotaka hewa na visivyoitaka, huingia pamoja na kusaidiana kazi. Chini ya ngozi yetu mna utando, na katika eneo hili utando wa mfuko wa korodani, wa msamba na wa chini ya tumbo umeungana, mfano wa paa moja la makuti juu ya vyumba vitatu. Moto ukishika chumba kimoja haungoji kufunguliwa mlango. Vimishipa vya damu huziba, nyama isiyofikiwa na damu hufa, na nyama iliyokufa ndiyo karamu ya vijidudu. Juu unaweza kuona wekundu tu na kumbe chini kumeshaungua. Ndiyo maana dalili inayomshtua daktari mzoefu ni maumivu makali kuliko kile anachokiona. Weusi, harufu, na ule mchakacho wa hewa unaousikia ukibonyeza ngozi, hivyo huja baadaye.

Lipo jambo moja linalowastaajabisha watu: korodani zenyewe mara nyingi husalimika, hata pale mfuko wake unapoliwa wote. Damu yake haitoki jirani. Inateremka kutoka kwenye mshipa mkuu ndani ya tumbo. Nyumba yenye kisima chake, bomba la mtaa likikatika haina habari.

Tiba ni kisu, na mapema: kuondoa nyama yote iliyokufa, pengine kurudi chumba cha upasuaji mara mbili na tatu, huku antibayotiki nzito na maji vikipita mshipani. Kuna anayehitaji haja kubwa igeuzwe njia kwa muda ili kidonda kisichafuke, na baadaye kupandikizwa ngozi. Tafiti nyingi hutaja kwamba kati ya wagonjwa 100, hufa 20 hadi 40. Saa sita za kusubiri asubuhi si kitu kidogo hapa.

Niliotea kwamba neno tego litatajwa, na lilitajwa, ingawa si mbele ya mwenyewe. Kwamba mume wa mtu ameweka tego, na aliyeiba ameoza pale alipoibia. Sina haja ya kubishana na anayeamini uganga. Ninachojua ni kwamba hadithi hii imewafunga midomo watu wengi. Mwanamme mwenye jipu la kweli pahala pale anajua atasemwa nini, basi hujifungia ndani siku tatu akijikanda kwa maji moto. Tego halihitajiki. Sukari iliyopanda mwilini kwa muda mrefu inatosha kabisa kumfikisha mtu huko, hata akiwa hajapata kuvuka kizingiti cha jirani.

Na si busha vilevile. Sisi wa visiwani vidonge vya matende na busha tumegawiwa nyumba kwa nyumba tangu 2001, kwa hiyo uvimbe wa huko chini tunao jina lake tayari. Lakini busha hukua kwa miaka, pole pole, na wengi hulibeba wakaenda nalo shamba. Hili la Fournier hukua kwa saa, na homa juu. Aliyezoea busha lake miaka kumi ndiye aliye katika hatari ya kudhani uvimbe mpya ni ule wa zamani.

Sasa namba. Wanaofanya kazi hiyo hospitalini husema "kodi", neno ambalo sisi wengine tunalijua kwa mwenye nyumba, kwa hiyo hapa nitasema msimbo. Msimbo ni anwani ya maradhi katika kitabu kimoja ambacho dunia nzima imekubaliana kukitumia, Uainishaji wa Kimataifa wa Maradhi, kwa kifupi ICD. Asili yake ni orodha ya sababu za vifo aliyoipeleka Mfaransa Jacques Bertillon kwenye mkutano wa wanatakwimu huko Chicago mwaka 1893. Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo mwaka 1948. Toleo la 10 liliidhinishwa 1990, na la 11 limeanza kutumika rasmi Januari 2022, ingawa nchi zinahamia kila moja kwa mwendo wake.

Katika toleo la 10, herufi ya mwanzo ni mtaa. Haifupishi neno lolote, si la Kiingereza wala la Kiswahili. Mtaa wa N ni maradhi ya njia ya mkojo na viungo vya uzazi, mawe ya figo yamo humo humo. A na B ni maradhi ya kuambukiza: kaswende inaanzia A50, kisonono ni A54, na VVU wanakaa B20 hadi B24. Kwa hiyo karatasi ile ile iliyomtia mzee aibu ilikuwa inamtetea. Lau maradhi yake yangekuwa anayoyadhania kijana, msimbo ungeanza na B.

Tarakimu mbili zinazofuata ni nyumba: N49 ni uvimbe na maambukizi ya viungo vya uzazi vya mwanamme yasiyokuwa na nyumba nyingine. Na ile ya baada ya nukta ni chumba. Chumba namba 8 kitabuni humu huwa ni kapu la "mengineyo yaliyotajwa". Fournier katika toleo la kimataifa hana chumba chake peke yake, hutiwa kapuni. Wamarekani, ambao wana nakala yao waliyoipanua, wamempa chumba: N49.3. Wajerumani nao wamemwandikia N49.80. Kijana akitafuta mtandaoni atakutana na hizo zote tatu na atadhani ni maradhi matatu.

Lakini msimbo ni mkia tu. Kichwa ni kile alichoandika daktari.

Anayekwenda kuuza karafuu kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, anajua: mpimaji hufungua gunia, akatia mkono, akatazama, ndipo akataja daraja. Ukimpelekea gunia limeshonwa ukamwambia "ni nzuri tu hizi, andika la kwanza", haandiki. Karani wa kumbukumbu hospitalini yuko katika hali ngumu kuliko mpimaji huyo, kwa sababu gunia halioni kabisa. Mgonjwa alikwisha kwenda zake. Karani anaona maneno yaliyoandikwa juu ya gunia, na kanuni ya kazi yake inamkataza kukisia. Akisoma katika faili "kidonda kinanuka, kimekuwa cheusi, sukari 22, amefanyiwa upasuaji mara tatu", moyoni anaweza kujua ni nini. Hana ruhusa ya kuandika Fournier mpaka daktari awe ameandika Fournier.

Tuseme mgonjwa ni huyu huyu mmoja, na faili liandikwe na madaktari wanne. Wa kwanza anaandika "jipu", hakusema wapi. Karani atakwenda L02, mtaa wa ngozi, pamoja na majipu yote ya watoto wa chuoni. Wa pili anaandika "uvimbe wa mfuko wa korodani". Hiyo ni N49.2, na anayesoma atadhani ni jambo la vidonge wiki moja. Wa tatu anaandika "gangrini" na kuacha hapo: R02, mtaa wa dalili, ambako mguu uliooza na msamba uliooza ni kitu kimoja. Wa nne anaandika "maambukizi yanayoua nyama na utando", bila ya pahala. Hiyo ni M72.6, ambayo ukali wa maradhi inausema lakini imeyatupa kwenye mtaa wa misuli na viungo. Hakuna aliyeandika uongo. Ila mwisho wa mwaka, wizara ikiuliza visiwa hivi vimepata wagonjwa wangapi wa Fournier, jibu kutoka katika mafaili hayo manne litakuwa sifuri.

Kwa nini madaktari wetu, ambao shida hii wanaijua kuliko mimi, wakati mwingine huandika hivyo? Haraka ni sababu moja. Nyingine nadhani ni stara. Tumelelewa kutosema. Mgonjwa huingia akasema "nina jipu hapa pajani", na paja haliumwi na kitu. Mwanawe aliyemleta, akiwa mwanamke, hutoka nje kabla hajaulizwa. Muuguzi wa usiku anamwambia wa asubuhi "yule wa kule chini". Na ile "kule chini" ikishapita midomo mitatu hupata njia yake hadi kwenye karatasi. Stara ni jambo kubwa kwetu na sisemi iachwe. Pahala pake ni pazia, na mlango uliofungwa, na faili lisilosomwa na asiyehusika. Ndani ya faili lenyewe, pumbu lazima liitwe kwa jina lake, kulia au kushoto, na msamba uitwe msamba.

Faili lililoandikwa vyema la maradhi haya linajulikana hata kwa asiyekuwa daktari. Linasema maumivu yalianza lini, kwa siku na saa. Linachora wekundu ulipoishia: wapo wanaochora mstari kwa kalamu juu ya ngozi yenyewe na kuandika saa, ili atakayekuja baada ya saa mbili aone moto umefika wapi. Linataja sukari, homa, mapigo, presha. Linataja kama pana mchakacho chini ya ngozi. Linasema uamuzi wa kupasua ulifanywa saa ngapi na kisu kiligusa ngozi saa ngapi, maana baina ya saa hizo mbili ndipo penye maswali. Mpasuaji naye anaeleza ameondoa nini na hadi wapi: ngozi tu, mafuta ya chini yake, utando, au misuli, upana wa sentimita ngapi, msamba peke yake au na ukuta wa tumbo. Kuandika "kidonda kimesafishwa" ni sawa na fundi kuandika "nyumba imetengenezwa". Umepaka rangi au umeinua ukuta? Marekani, ambako kazi ya mpasuaji ina misimbo yake mbali na ile ya maradhi, upasuaji wa maambukizi haya umepewa tatu: 11004 kwa sehemu za siri na msamba, 11005 kwa ukuta wa tumbo, 11006 kwa vyote pamoja. Asiyeandika ameishia wapi hawezi kujua alipwe ipi.

Kwetu sisi uandishi huu una kazi moja zaidi ambayo wenzetu wa bara kubwa hawaifikirii sana, nayo ni bahari. Mtu wa Konde hapa Pemba anaanzia kituo cha karibu, anaweza kupelekwa mpaka hospitali ya Abdalla Mzee kule Mkoani, kisiwa kizima kutoka kaskazini hadi kusini, na hali ikilazimu akavushwa Unguja kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Daktari wa mwanzo havuki naye. Kinachovuka ni barua ya rufaa. Ikiwa barua imesema "jipu, tafadhali msaidieni", anayepokea atampanga foleni ya majipu. Ikiwa imesema "nashuku gangrini ya Fournier, mstari ulichorwa saa nne asubuhi, antibayotiki hizi zimeanzwa", chumba cha upasuaji kinaweza kuwa kinatayarishwa mgonjwa akiwa bado njiani.

Wapo wanaodhani msimbo ni ujanja wa bima wa kukataa kulipa. Sisemi bima hazina ujanja. Lakini mfuko wowote ukiletewa dai la wiki tano kitandani, upasuaji mara tatu na dawa ghali, juu yake pameandikwa jipu, utauliza, na una haki. Jipu halilazi mtu wiki tano.

Kwenye cheti cha kifo uzembe huu ni mkubwa zaidi. "Moyo umesimama" si sababu ya kifo. Kila aliyekufa moyo wake umesimama. Cheti cha kimataifa kinataka mnyororo: mstari wa juu kilichomuua mwisho, tuseme mshtuko wa mwili kutokana na sumu ya maambukizi, chini yake kilicholeta hicho, gangrini ya Fournier, chini yake kilicholeta hicho nacho, jipu la njia ya haja kubwa. Sukari, iliyosaidia kumaliza kazi, huandikwa sehemu ya pili. Ule mstari wa chini kabisa wa mnyororo ndio unaohesabiwa kitaifa. Familia inayopewa karatasi ya "moyo umesimama" haikudanganywa, ila haikuambiwa kitu.

Na wanawake? Maradhi haya huwapata wanaume zaidi, kwa mbali, hadi watu wakadhani ni yao peke yao. Si yao peke yao. Mwanamke akiyapata, mtaa wa N49 haumfungulii, ni wa wanaume, na mashine nyingi zitaukataa msimbo huo zikiona jinsia yake. Yeye ni wa N76. Hata Marekani, pamoja na vyumba vyao vyote, chumba maalumu cha Fournier wa mwanamke, N76.82, kilifunguliwa Oktoba 2022 tu. Kabla ya hapo alikuwa kapuni.

Kutajwa kwa jina kumeshaokoa watu. Mwezi wa Agosti 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu kundi moja la dawa za sukari, zile ambazo majina yake huishia na "gliflozin" na ambazo hufanya kazi kwa kuitoa sukari kwa njia ya mkojo. Katika taarifa zilizoifikia tangu Machi 2013 hadi Mei 2018 ilikuta watu 12 waliopata Fournier wakitumia dawa hizo, wanaume 7 na wanawake 5. Wote walilazwa, wote walipasuliwa, mmoja akafa. Kwa dawa nyingine za sukari, miaka zaidi ya 30 ilikuwa imetoa wagonjwa 6 tu, wote wanaume. Watu 12 katika nchi kubwa vile ni punje kwenye pishi, na dawa hizo zinaendelea kutumika kwa faida yake. Anayezimeza asiziache kwa kusoma haya, amuulize daktari wake na awahi akihisi maumivu huko. Ila punje zile zilionekana kwa sababu watu 12, kila mmoja pahala pake, walikuwa na mtu aliyeandika jina kamili. Wangeandikiwa jipu, nani angewakusanya?

Nilipomaliza kuyasema haya, kwa ufupi kuliko nilivyoyaandika, kijana alikuwa ameshatoa simu na kuhakikisha mwenyewe habari ya B20. Akamrudishia mzee karatasi kwa mikono miwili. Mzee hakusema kitu kuhusu N. Aliifungua tena, akaweka kidole kwenye mstari wa pili.

"Na hii ya chini, E?"

Nilimwambia hiyo ni sukari, ile ya ukubwani. Nikamuuliza hospitali hawakumwambia? Akasema walimwambia mambo mengi, na yeye alikuwa anasikiliza kidonda. Katika mkono wake wa kushoto alikuwa na kipande cha kashata alichokuwa amekwisha kukiuma. Akakitazama, akakirudisha kwenye sahani, akamwambia muuza kahawa amtilie kikombe kingine, kahawa tupu.